Wenye Kuuguza Nyumbani

Mwezi huu twataka kunena habari za watu wasiotazamwa sana, ijapokuwa hapana kijiji kisicho nao. Hatuneni juu ya wagonjwa. Habari za wagonjwa huulizwa kila siku, na mtu akilala kitandani hata jirani aliyekosana naye hufika kumjulia hali. Twanena juu ya yule ampokeaye mgeni mlangoni, akampa kiti, akaenda jikoni kumtafutia chai, kisha akarudi kumgeuza mgonjwa ubavu wa pili. Mgeni huuliza, "Mgonjwa aendeleaje?" Akiisha kujibiwa huaga, akaenda zake. Yule aliyemjibu haulizwi neno.

Lugha yetu ina neno zuri juu ya jambo hili. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani husema, "Nimeuguliwa." Ugonjwa ni wa mama, au wa mtoto, au wa mume, walakini yeye naye umempata, na neno lenyewe lamhesabu pamoja na mgonjwa. Lugha imemhesabu, sisi wenye lugha ndio tusiomhesabu.

Mwanzo wa maneno haya ni aibu yetu wenyewe, nasi hatuwezi kuyaandika pasipo kuikiri.

Mama yetu alipatwa na kiharusi. Upande wa kuume ukafa ganzi, na kusema kwake kukawa kwa taabu. Tukamleta nyumbani kwetu, kama impasavyo mwana. Twasema "tukamleta", na ni kweli siku ile tulimbeba sisi. Lakini tangu siku ile kazi yote iliangukia mikono ya mama wa watoto wetu. Yeye ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko, ndiye aliyefua mashuka kabla ya jua kuchomoza ili majirani wasiyaone. Nasi kila Jumanne na Ijumaa tulipanda baiskeli kwenda kuwatazama wagonjwa wa vijiji vingine, tukasifiwa na watu. Tulipoulizwa, "Na mama yenu yuko na nani?" tulijibu pasipo kufikiri, "Yuko na mama wa watoto. Yeye yupo nyumbani tu."

Ulipotimia mwaka wa pili, siku moja tulikuwa katika kijiji cha ng'ambo ya mto, tukapigiwa simu kwamba mama wa watoto ameanguka kisimani na ndoo kichwani. Tukarudi mbio, tukampeleka zahanati. Mganga alimpima, akaona hana homa wala malaria. Kisha akatugeukia sisi akatuuliza, "Huyu mama hulala saa ngapi kwa usiku mmoja?" Tukanyamaza. Nyumba ni moja na chumba ni kimoja, nasi hatukujua. Akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba tangu mama mkwe wake aletwe hajapata usiku hata mmoja asioamka mara nne.

Jioni ile alituambia neno ambalo hatulisahau. "Mwalimu, kumwuguza mama ni radhi kwangu. Lakini watu wakikuuliza, usiwaambie tena kuwa nipo nyumbani tu."

Basi tulianza na daftari la shilingi mia tano. Binti yetu wa darasa la sita aliandika kwa siku saba kila lililofanyika kwa ajili ya bibi yake, mchana na usiku, pamoja na saa yake: kumgeuza, kumwosha, kuchota maji, kupika uji, kumpa dawa, kufua, kumketisha nje apate jua, kumbembeleza alipolia. Wiki ilipokwisha daftari lilikuwa na kurasa kumi na moja zilizojaa. Tukawaita ndugu zetu. Wawili walifika, na wa tatu aliye Dar es Salaam alisikiliza kwa simu. Hatukuwahubiri wala hatukuwalaumu, maana sisi ndio wenye lawama kubwa. Tulimpa binti daftari alisome.

Kabla ya hapo ndugu zetu walikuwa wakisema sikuzote, "Tutasaidia." Neno hilo halina mkono wala mguu. Mtu hawezi kulishika. Lakini mtu akisikia kwamba ndoo sita za maji zahitajika kila siku, aweza kusema, "Mbili ni zangu." Wifi yake akachukua usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Shemeji yake akachukua maji na kuni. Yule wa Dar es Salaam akaahidi fedha ya sabuni na ya dawa ya presha, itumwe kwa simu kila tarehe tano, tena itumwe kwa mama wa watoto mwenyewe, isipitie kwetu. (Sharti hili la mwisho lilitoka kwa wifi, nasi tulilikubali kwa kichwa kilichoinama.) Nasi tukachukua kazi ya kuosha na kugeuza alfajiri. Mwanzo hatukuijua, na mama mwenyewe aliona haya kuoshwa na mwanawe, hata tukapata shauri la kumfunika kanga na kuosha chini yake.

Twawaandikia haya kwa urefu kwa sababu twajua nyumba nyingi ambamo ndugu hawakosani kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu kazi haijawahi kutajwa kwa jina na kwa saa. Nanyi akina baba, msingoje mke aanguke kisimani.

Haya ni ya nyumba moja. Lakini ziko nyumba zisizo na wifi wala shemeji: bibi peke yake na wajukuu, mjane na mwanawe asiyeweza kutembea, mzee na mkewe aliyesahau hata jina lake mwenyewe. Hao hawana budi kupata ndugu kwa njia nyingine, nayo ni kukusanyika.

Jambo hili limepata kujaribiwa hapa nchini. Mkoa wa Kagera ndiko ukimwi ulikotambuliwa kwanza katika Tanzania, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijana wengi walikufa wakaacha watoto mikononi mwa bibi zao. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, shirika liitwalo KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee hao fedha kidogo kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea. Pamoja na fedha, bibi hao wakafanya vikundi vya kusaidiana. Tunda la pili lisidharauliwe kwa kuwa halihesabiki kama shilingi. Bibi aliyejua kwamba jirani atagonga mlango asubuhi hali yake si sawa na ya yule ajuaye kwamba hagongi mtu.

Katika kijiji chetu tulianza watu saba, wanawake sita na mzee mmoja amwuguzaye mkewe. Mara ya kwanza tuliwaita kanisani siku ya Jumapili baada ya ibada, wakaja wawili tu. Tukashangaa, hata mmoja akatuambia, "Mwalimu, mwenye kuuguza hana ruhusa ya kuondoka. Mngejua hilo, msingetuita mbali." Ndipo tulipogeuza shauri. Sasa hukutana nyumbani kwa mmoja wao, kila wiki mbili, kwa zamu, ili mgonjwa wa nyumba ile awemo kati ya watu. Nao vijana wanaofundishwa kipaimara hutumwa wawili wawili kukaa na wagonjwa wa nyumba nyingine kwa muda wa saa mbili zile. Vijana hujifunza kitu huko ambacho hatukuweza kuwafundisha kwa vitabu.

Mambo machache tuliyoyaona yafaa tuyaseme. Mwaliko wa kwanza uwe kwa mwuguzi wa zahanati, aje kuwafundisha kwa mikono, siyo kwa maneno. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu ya hapo, na kila aoshwapo ngozi ya visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo itazamwe. Ngozi ikibadilika rangi, na rangi ile isiondoke baada ya kumgeuza, kidonda chaanza. Kumsogeza, watu wawili washike kanga iliyokunjwa chini yake, wasimvute kwa makwapa, maana hivyo huumia yeye, nawe huumia mgongo. Kumlisha, aketishwe wima, asilishwe akiwa amelala, asije akapaliwa. Mama wa watoto wetu alikuwa amemwinua mama yetu kwa mgongo wake mwenyewe miaka miwili, na hakuna aliyemwonyesha habari ya kanga.

Fedha nazo zina taratibu zake. Vikundi vyetu hufuata desturi ya sanduku la kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, wala sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote. Wengi wenu mwaijua desturi hii katika vikundi vya kuweka na kukopa. Tuwaombe jambo moja tu: fungu la shida litengwe mbali na fungu la mkopo, na mwenye kuuguza asiambiwe kurudisha fedha aliyopewa kwa sabuni na nauli ya hospitali. Tena, maneno ya ndani ya nyumba yasitoke. Mtu akitueleza kwamba mumewe hupoteza haja kitandani, jambo hilo likisikika kisimani kesho yake, kikundi kimekufa. Na sare za kitenge zingoje. Twavijua vikundi viwili vilivyonunua sare kabla ya kununua sabuni.

Pengine msomaji atasema, "Haya ni mambo ya vijijini kwetu kwa sababu ya umaskini, huko Ulaya serikali hufanya yote." Sivyo. Tena neno letu lile la aibu, kwamba "yupo nyumbani tu", huko Uingereza liliwahi kuwa shauri la serikali yenyewe. Sikilizeni habari hii.

Mwaka 1954 mwanamke mmoja aitwaye Mary Webster, mchungaji wa kanisa la Congregational, mwenye umri wa miaka 31, aliacha kazi yake ya uchungaji ili awauguze wazazi wake wazee. Hakuwa na mume. Alikaa katika kazi hiyo miaka mingi, akaona jinsi mwanamke asiyeolewa anavyoachiwa wazazi na ndugu wote, na jinsi mshahara wake unavyokatika, na marafiki wanavyopungua. Mwaka 1963 aliandika barua kwa magazeti, akaieleza hali hiyo. Barua zikamrudia kwa wingi kutoka kwa wanawake wa mahali mbalimbali, kila mmoja akidhani yeye ni peke yake. Mwaka 1965 chama kikaundwa, baraza la wanawake wasioolewa na wategemezi wao. Hawakukusanyika kulia tu. Walikwenda kwa wabunge na habari zilizoandikwa, wakaomba jambo moja baada ya jingine. Mwaka 1967 wakapata punguzo la kodi kwa mwenye kumtunza jamaa asiyejiweza. Mary Webster alifariki mwaka 1969, walakini chama hakikufa. Mwaka 1971 ikaja posho kwa wagonjwa wahitajio kutunzwa, na mwaka 1976 posho kwa wale walioacha kazi ili wauguze.

Lakini posho ile ya mwaka 1976 haikutolewa kwa mwanamke aliyeolewa. Sababu iliyosemwa ni kwamba mwanamke aliyeolewa huenda angekuwa nyumbani vyovyote. Tuliposoma maneno hayo tulikaa kimya kwa muda, maana ni sauti yetu wenyewe tuliyoisikia.

Likapita miaka kumi neno hilo. Ndipo mama mmoja mwenye mume, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi yake ya mshahara ili amwuguze mama yake, alipoomba posho ile akanyimwa, naye hakukubali. Kesi yake ilifika Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg, na katika mwezi wa Juni 1986 mahakama iliamua kwamba kumnyima kwa sababu ya ndoa yake ni kinyume cha sheria ya usawa. Tangu hapo wanawake walioolewa wakahesabiwa pia. Chama kilichozaliwa na barua ile ya mwaka 1963, baada ya kuungana na kingine, leo chaitwa Carers UK.

Wala jambo hili si la Uingereza na la kwetu tu. Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu mwaka 2018 kwamba katika saa zote za kutunza watu pasipo malipo, wanawake hufanya zaidi ya robo tatu.

Sasa tuseme habari za kwetu, maana barua za London haziwezi kumnunulia mtu sabuni. Hapa Tanzania mlango wa kwanza ni mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Wa pili ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye watu wengi hawamfikirii mpaka watoto wamegombaniwa. Yeye ndiye mwenye kazi ya kusikia habari za wazee na za watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliagiza kuwepo kamati za watu wenye ulemavu tangu ngazi ya kijiji. Ulizeni kama kamati yenu ipo, na kama ipo, ni nani aliyemo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mama yetu alikuwa na haki hiyo muda wote, nasi tulilipa mwaka mzima kwa sababu hatukuuliza. Nyumba zilizo maskini sana zaweza kuandikwa katika mpango wa TASAF, na majina hutajwa katika mkutano wa kijiji. Basi mwenye kuuguza asipoweza kufika mkutanoni, kikundi kimpeleke mtu wa kumsemea. Tena halmashauri hutenga sehemu ya kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne katika mia kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni mkopo, nao hurudishwa. Tusiingie kabla ya kuwa na kazi itakayozaa fedha ya kurudisha.

Huko Zanzibar wazee wa miaka 70 na zaidi hupewa pensheni na serikali tangu Aprili 2016, hata wale wasiopata kuajiriwa. Na Kenya wanao mpango wa Inua Jamii kwa wazee wa miaka hiyo, na kwa nyumba zenye watu wenye ulemavu mkubwa. Wasomaji wetu wa pande hizo watazame kama majina ya wazee wao yameandikwa.

Barua ya kikundi iwe fupi. Iseme: sisi tu watu kadha, twauguza wagonjwa kadha, wa umri huu na huu, kazi yetu kwa siku ni saa hizi, kama ilivyo katika madaftari yetu, twaomba jambo hili moja. Tukiomba kumi, mkubwa hushika lililo jepesi na kuyaacha yaliyosalia, au huyaacha yote. Barua iandikwe nakala mbili, na moja igongwe mhuri wa kupokelewa, mrudi nayo. Walimu, kazi hii ni yenu. Kina mama wengi wa vikundi wana maneno mazuri kuliko yetu, wahitaji mkono wa kuandika tu. Andikeni wasemavyo, msiyapambe.

Sisi tuliomba jambo moja: mwuguzi wa zahanati aruhusiwe kutembelea nyumba zetu saba mara moja kwa mwezi, kwa sababu wagonjwa wetu hawapakiki kwenye pikipiki. Wiki tano zikapita pasipo jibu. Mzee wetu yule wa kikundi akachukua nakala yenye mhuri, akaenda kuketi ofisini asubuhi mbili mfululizo, akiwa mpole, hakugomba na mtu. Asubuhi ya tatu akaambiwa arudi nyumbani, mwuguzi atakuja Alhamisi. Akaja. Nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa yetu, na alipomaliza kumtazama mama, alimwambia mama wa watoto avute kiti, aketi, anyooshe mkono, apimwe presha yeye pia.